Umeme umeenda, umekatika au umekatwa? Vitenzi vya huduma za mji katika Kiswahili cha Lubumbashi

Anayeandika juu ya mambo yanayorahisisha maisha katika mji mkubwa huanza kwa desturi na vyombo: bomba la maji, taa ya umeme, gari la abiria, simu ya mkononi. Huhesabu ni nyumba ngapi zinavyo na ngapi hazina, kisha hutoa hukumu yake juu ya maendeleo ya mji. Mwanaisimu naye ana desturi yake. Akifika Lubumbashi huandika majina ya vyombo hivyo jinsi wakaaji wanavyoyatamka, yaani kuran, robine, faktire, unite, kabine. Huona kwamba karibu yote yametoka katika Kifaransa, na hufunga daftari akisema kwamba Kiswahili cha mji huu kimejaa maneno ya mkopo.

Katika makala haya tungependa kulifungua tena daftari hilo, lakini kwa upande wa vitenzi. Jina la chombo huja pamoja na chombo chenyewe, katika sanduku moja. Kitenzi huchaguliwa baadaye, na wale wanaokitumia chombo, kufuatana na yale wanayoona kikifanya au kikikataa kufanya. Kwa hiyo, msomaji anayetaka kujua kama huduma fulani inawasaidia watu kweli, na nani anahesabiwa kuwa mwenye kuitoa, atajifunza machache sana kutoka kwa neno kuran, na mengi kutoka kwa kitenzi kinacholifuata. Tena si jambo la udadisi tu. Tutaona kwamba kitenzi kinaweza kuficha mwenye madaraka, na kwa upande wa maji kinaweza hata kuwatuliza watu mahali ambapo wangepaswa kuogopa.

Vitenzi vitatu vya giza

Tuchukue jioni ya kawaida katika komini ya Katuba au ya Kenya. Taa ya nyumba inazimika. Mtu wa kwanza atasema: kuran inaenda. (Kiambishi -na- katika usemi huo kinaonyesha jambo lililotokea sasa hivi, mahali ambapo Kiswahili bora kingesema umeenda.) Wa pili, aliyesoma Kiswahili shuleni au anayesikiliza redio za nchi jirani, atasema: umeme umekatika. Wa tatu atachungulia dirishani, ataona taa za jirani bado zinawaka, atakumbuka faktire iliyo juu ya kabati, na atasema kwa sauti ya chini: tumekatwa.

Giza ni lile lile, lakini sentensi tatu hizo hazisemi jambo moja. Kitenzi cha tatu kiko katika kauli ya kutendwa. Kauli hiyo humwacha mtenda nje ya sentensi, ila humwekea kiti chake: tumekatwa na nani? Jibu linawezekana kila mara, tumekatwa na fundi, tumekatwa na kampuni. Kitenzi cha pili kiko katika kauli ya kutendeka. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tofauti kati ya katwa na katika huonekana kuwa ndogo, kumbe ndiyo kiini cha jambo. Kamba ikikatika, imekatika yenyewe, kwa uchakavu au kwa uzito. Hakuna Mswahili atakayesema kamba imekatika na fundi. Kauli ya kutendeka hutoa habari za hali ya kitu na kukiondoa kabisa kiti cha mtenda.

Kitenzi cha kwanza kinakwenda mbali zaidi. Kwenda ni kitenzi cha mwendo, na mwenye kwenda ni umeme wenyewe. Baadaye utarudi, au kama tunavyosema huku kwetu, utarudia, na watoto wa mtaa mzima watapiga kelele za furaha kama wanaompokea mgeni. Mgeni haulizwi kwa nini alikwenda, wala hapigiwi hesabu ya siku alizokuwa mbali. Kwa maoni yetu, hapa ndipo Kiswahili cha Lubumbashi kilipotoa ushahidi mzito kuliko ripoti nyingi: watu wamezoea kuuona umeme kama kiumbe kinachokuja na kuondoka kwa hiari yake.

Wenzetu wa nchi nyingine za Kiswahili wana mavuno yao. Mjini Nairobi umeme huitwa stima, na stima ikizimika husemwa kwamba imepotea. Kupotea ni jambo la mtoto au la mbuzi, na anayepotea huenda akatafutwa. Tanzania husema umekatika, na kwa kipindi ambacho umeme hautoshi nchi nzima wana neno mgao. Sisi kwa hali hiyo hiyo tumepokea neno la Kifaransa, delestaji. Inafaa tusimame kidogo juu ya jozi hii. Mgao unatoka katika kitenzi kugawa. Anayelisikia neno hilo anafikiri juu ya kile kidogo kilichopo na jinsi kinavyogawiwa, naye ana haki ya kuuliza kama mgawanyo ni wa haki. Delestaji inatoka katika lugha ya mabaharia: ni kutupa nje ya chombo uzito unaokisumbua. Katika mgao, mwenye nyumba ni mtu anayepewa fungu. Katika delestaji, mwenye nyumba ndiye uzito unaotupwa.

Kwa ufundi, neno la Kifaransa halikukosea. Mtandao wa umeme wa nchi yetu hutembea kwa mzunguko wa hezi 50. Watumiaji wakizidi nguvu inayozalishwa, mitambo huchoka, mzunguko hushuka, na usipopunguziwa mzigo haraka mtandao mzima huweza kuanguka. Hapo mwendeshaji huchagua mitaa ya kuzimwa ili sehemu nyingine ipone. Lakini angalia: huchagua. Kuna chumba, kuna mtu, kuna orodha ya mitaa. Mahali penye uchaguzi, kitenzi kwenda hakitoshi, wala kukatika hakitoshi. Kinachostahili ni kukatwa. Ni ajabu kwamba katika mazungumzo ya mji wetu kukatwa kumebaki kuwa neno la aibu la yule asiyelipa, na aliyelipa faktire yake mpaka faranga ya mwisho, kisha akawekwa gizani kwa zamu, hulitumia neno la upole kuliko yote.

Tusisahau kwamba Katanga si nchi isiyo na mabwawa. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Yakafuata ya Koni, Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950. Tangu mwaka 1982 kuna pia njia ya nyaya iliyotoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, mpaka Kolwezi, safari ya kilomita 1,700 hivi. Njia hiyo husafirisha umeme wa mkondo mnyoofu, na umeme wa namna hiyo hauwezi kupunguzwa kirahisi njiani kwa ajili ya kijiji au mji mdogo: unaingia Inga na unatokea Kolwezi. Watu wanaoishi chini ya nyaya zile wanauona umeme ukipita juu ya mapaa yao. Kwao hata kitenzi kwenda hakifai, kwa sababu haujawahi kufika. Yote hayo yalijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba, na mpaka leo migodi ni mlaji mkubwa. Nyumba za watu zilishika mkia.

Mtoaji aliyetoweka

Je, vitenzi vilikuwa hivyo tangu mwanzo? Tunadhani hapana, na sababu iko katika historia ya mji.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Mwaka huo huo reli ilifika kutoka kusini, na mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa. Kampuni ya Union Minière ndiyo iliyoujenga kwa sehemu kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa yake ya wafanyakazi: badala ya kuajiri vijana kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, iliamua kuwakalisha pamoja na wake na watoto katika kambi. Mfanyakazi wa kambi alipata nyumba, posho ya unga, matibabu, shule ya watoto, na pia maji ya bomba na baadaye taa. Hakuletewa faktire. Kampuni ilikuwa inatoa, naye alikuwa anapewa.

Wazee waliokulia katika kambi, ukiwauliza juu ya maji na umeme, hutumia kwa wingi kitenzi hicho cha kutoa na mwenzake kupewa: kampuni ilikuwa inatoa kuran, tulipewa mayi, tulipewa posho. Sentensi zao zina kiima kinachojulikana. Hatusemi kwamba zilikuwa siku za raha. Anayepewa kila kitu na bwana mmoja anaweza kunyimwa kila kitu na bwana huyo huyo, na mzee wa kambi analijua hilo kuliko sisi. Tunasema tu kwamba mtoaji alikuwa na jina.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na mrithi wake, Gécamines, aliendelea na desturi ya kambi. Kisha mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka. Mwaka 1991 miji ya nchi iliporwa. Katika miaka michache uzalishaji wa shaba ukashuka mpaka sehemu ndogo sana ya ule wa miaka ya 1980. Posho ilikoma, mishahara ikachelewa, na mabomba yakabaki bila mtengenezaji. Mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliliita tukio hilo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001 kuwa ni kuachwa kwa watoto wa shaba na baba yao. Kwa mtazamo wa sarufi tungeongeza neno moja: baba alipoondoka, kitenzi kutoa kilibaki bila kiima. Sentensi isiyo na kiima haisemeki. Ilibidi kiima kingine kipatikane, na kilichokuwa karibu kilikuwa kile kilichokuwa yambwa hapo zamani: kampuni inatoa kuran ikawa kuran inakuya, kuran inaenda.

Hii ni fikira yetu, na tunaitoa ijadiliwe. Itapata nguvu au kuanguka siku mwanafunzi mmoja atakapoketi na kanda za mazungumzo ya wazee na vijana na kuhesabu vitenzi. Tungefurahi kama kazi hiyo ingefanywa upesi, kabla wazee wa kambi hawajatutoka.

Maji yanayorudi si yale yaliyokwenda

Kwa upande wa maji mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa mtu aweza kukaa gizani asife.

Nyumba nyingi za komini zetu hazina robine ndani ya uwanja, na zile zenye robine hukaa saa au siku bila kuona tone. Kati ya bomba na mtungi kuna kazi ambayo hakuna aliyeipa jina la huduma: kuamka usiku ili kusikiliza bomba, kupanga bidoni, kuteka, kubeba. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 120, yaani bidoni sita za lita 20. Bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Mbebaji kwa kawaida ni msichana, na akichelewa shuleni mwalimu humwuliza alikuwa wapi. Anayetaka kujua faida ya bomba ndani ya nyumba asihesabu lita peke yake. Ahesabu na saa za msichana huyo.

Maji nayo, katika usemi wetu, huenda na kurudi. Hapo kuna hatari ambayo kitenzi kinaificha. Ukisema mtu amerudi, unaelewa kwamba ni mtu yule yule. Maji yaliyorudi baada ya bomba kukauka huenda yasiwe yale yale. Maadamu bomba limejaa na lina nguvu ndani yake, kila tundu lililo kwenye ukuta wake hutoa maji nje. Hupoteza maji, lakini hakiingii kitu. Nguvu ikipungua, mambo hugeuka: bomba lililo tupu huvuta ndani yale yaliyo katika udongo unaolizunguka, na katika mitaa yetu bomba na mtaro wa maji machafu, au choo cha shimo, mara nyingi ni majirani. Siku maji yanapofika tena, husukuma mbele uchafu ule mpaka kwenye robine ya kwanza. Klorini iliyotiwa kiwandani hupotea nguvu ikikutana na uchafu mwingi. Ndiyo sababu mafundi wa afya huwaambia watu wayaache maji ya kwanza yatiririke, wasiyanywe, na yale ya kunywa wayachemshe au wayatie dawa, hata kama yametoka kwenye robine.

Lubumbashi inaujua ugonjwa wa kipindupindu; katika mwaka 2013, kwa mfano, ulishambulia mitaa ya mji. Matangazo ya afya katika nyakati kama hizo hupenda maneno maji safi. Lakini safi, kwa mkaaji wa mji huu, ni neno la jicho. Nguo safi ni ile isiyo na doa, na maji safi ni yale yanayong'aa katika kikombe. Vijidudu vya kipindupindu havionekani katika kikombe kinachong'aa. Mtu akiambiwa anywe maji safi, akatazama, akaona yanang'aa, akanywa, amelifuata tangazo neno kwa neno. Tungependekeza kwamba wanaotunga matangazo waweke kazi ndani ya kitenzi: maji yaliyochemshwa, maji yaliyotiwa dawa. Viambishi vya kutendwa vilivyo katika maneno hayo vinamkumbusha mama wa nyumba kwamba kuna jambo la kutendwa kabla ya kunywa, na kwamba kutazama hakutoshi.

Unite zinaisha

Wakati simu za serikali zilipokuwa zimekufa, katika miaka ya 1990, miji yetu iliwasiliana kwa foni, yaani redio za mawimbi mafupi. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliingia katika kibanda cha foni, akapiga kelele mbele ya watu wote, na mwenzake wa Kinshasa au Mbujimayi akajibu hivyo hivyo. Hata fedha zilitumwa kwa njia hiyo, mmoja akipokea huku na mwingine akilipa kule. Siri haikuwepo. Simu za mkononi, zilizoenea kwa watu wa kawaida tangu miaka ya kwanza ya 2000, ziliwaondolea watu kelele hizo.

Katika simu tunakuta kitenzi kipya katika orodha yetu, nacho ni kuisha. Unite zinaisha. Tofauti na kwenda na kukatika, kuisha hupokea kwa urahisi neno la umiliki: unite zangu zimeisha. Si rahisi kusema umeme wangu umekatika, kwa sababu unaokatika si wa mtu mmoja. Kinachoisha ni akiba, na akiba ina mwenyewe. Kama imeisha, mwenyewe hakuweka ya kutosha. Kitenzi hiki kimeanza kuvamia umeme nao. Mahali penye mita za kulipa kabla, kama katika nyumba nyingi za Goma zinazopata umeme wa mabwawa ya Virunga (lile la Matebe, la megawati 13.8, lilifunguliwa mwaka 2015), mtu husikika akisema kwamba umeme wake umeisha. Giza sasa lina mwenye kosa, naye ni mteja. Hatuisemi vibaya mita ya namna hiyo, maana inamwokoa mtu na faktire ya kukisia, na inajulisha bei ya kila saa ya taa. Lakini nyumba ambayo mita yake ina akiba na mtandao umezimwa inajua vizuri kwamba kuisha na kwenda ni mambo mawili, na lugha yake haichanganyi.

Kutuma fedha kwa simu kulifika nchini mwetu mwaka 2012, miaka mitano baada ya kuanza Kenya, na jina M-Pesa likaja nalo. Hapa kuna kituko kidogo kwa wapenda maneno. Mkaaji wa Lubumbashi huziita fedha makuta, au feza, au faranga. Pesa ni neno analolijua lakini halimtoki kwanza mdomoni. Kule Kinshasa, anayesema Kilingala husikia katika pesa amri ya kitenzi kopesa, yaani toa, nipe. Huduma moja, katika nchi moja, ina jina ambalo huku ni nomino ya ugeni na kule ni kitenzi cha nyumbani. Na anayekwenda kwenye kabine kuchukua fedha zake husema anakwenda kutosha makuta, kwa maana ya kuyatoa. Mgeni kutoka Dar es Salaam atafikiri kwamba fedha zimefika kiasi kinachohitajiwa, kwa kuwa kwake kutosha ni kuwa kamili. Mwalimu wa Kiswahili bora anayelifuta neno hilo kwa kalamu nyekundu afikiri kwanza: kutosha hii ni kitendeshi cha kutoka, kilichoundwa kwa kanuni ile ile inayotoa kuwasha katika kuwaka.

Juu ya usafiri tutasema machache, kwa sababu unastahili makala yake. Yatosha kutambua kwamba pale watu walipojitengenezea huduma kwa mikono yao, jina nalo lilitoka nyumbani. Baiskeli za abiria za Kisangani zinaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Waendesha pikipiki wa Kinshasa wanaitwa wewa, kutoka katika Kiluba cha Kasai, yaani wewe. Kigari cha mbao cha Goma kinaitwa chukudu, na mji umekijengea sanamu. Baiskeli na pikipiki zilikuja na majina yao kutoka nje. Huduma haikuja katika sanduku, na kwa hiyo watu waliipa jina wenyewe.

Tangazo moja ukutani

Turudi kwenye kukatika na kukatwa, maana hapo ndipo wanafunzi wetu watakapotakiwa kufanya kazi. Katika mazoezi ya tafsiri tuliwahi kuwapa tangazo la kampuni moja ya huduma lililobandikwa ukutani kwa Kifaransa. Lilisema kwamba kutakuwa na usitishaji wa huduma, na likaomba radhi. Neno kuu lilikuwa nomino, na nomino ya Kifaransa katika mahali kama hapo haimtaji mtenda wala haikatai kwamba yupo. Wanafunzi waligawanyika mara moja: wengine waliandika kukatika kwa umeme, wengine kukatwa kwa umeme. Mabishano yaliendelea mpaka kengele. Waliotetea kukatika walisema kwamba ni neno la adabu. Waliotetea kukatwa walisema kwamba kampuni inayotangaza siku na saa ya giza haiwezi kudai kwamba waya umekatika wenyewe. Kilichopangwa hakikatiki, hukatwa.

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, na inaonyesha jambo ambalo wenye kudharau Kiswahili kama lugha ya huduma za kisasa hawalioni. Kifaransa kilimruhusu mwandishi wa tangazo asiseme. Kiswahili hakikumpa mfasiri njia ya kutosema: hata akikimbilia katika majina, bado atachagua kati ya ukatikaji na ukataji, kwa kuwa kauli ya kitenzi hufuata mpaka ndani ya nomino. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo ataichagua kwa bahati nasibu, na wakaaji wa mtaa mzima watasoma ahadi au kisingizio ambacho hakuna aliyekusudia kuandika. Jambo hili lina uzito zaidi tangu sheria ya umeme ya mwaka 2014 na ile ya maji ya mwaka 2015 zilipofungua milango kwa makampuni mengine kando ya mashirika ya serikali. Watoaji wakiwa wengi, mteja anahitaji kujua ni yupi aliyekata.

Baada ya kusahihisha pamoja, darasa lilikubaliana juu ya maneno haya: Umeme utakatwa katika komini yote ya Kampemba siku ya Jumatano, kuanzia saa mbili asubuhi (8:00) hadi saa kumi alasiri (16:00). Mafundi wetu watabadilisha transfoma. Umeme utarudishwa saa kumi.

Kitenzi cha mwisho kilichaguliwa kwa makusudi. Utarudi ungemrudisha yule mgeni wa hiari tuliyemwona mwanzoni. Utarudishwa, kwa kiambishi cha kutendesha na cha kutendwa, unamwambia msomaji kwamba kuna mtu aliyejifunga kuurudisha. Namba zilizo katika mabano nazo si pambo. Saa mbili ya Kiswahili ni saa nane ya asubuhi kwa anayesoma saa kwa Kifaransa, na wengi wetu tunasoma kwa njia zote mbili katika siku moja. Tangazo likitoka Kinshasa liongeze pia kwamba ni saa ya Lubumbashi, kwa kuwa sisi huku tuko mbele yao kwa saa moja.